Jini wa Adili na Msomaji Mkristo

Mara ya kwanza niliposoma Adili na Nduguze niliishia kwenye chumba cha manyani. Ikibali ametumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kufuatilia kodi. Usiku anamwona mwenyeji wake, Liwali Adili, mtu anayesifiwa na kila mtu kwa upole, akiamka, akichukua mjeledi na kuwachapa manyani wawili. Baada ya kuwachapa analia, anawabembeleza na kuwalisha chakula kizuri. Baadaye tunaambiwa kwamba manyani hao ni ndugu zake wa baba mmoja. Jini aliwageuza, na jini huyohuyo aliamuru wapigwe kila usiku.

Nilikifunga kitabu. Hakikuwa kimenichosha, niliogopa, na hofu yenyewe naijua ilikotoka. Mimi ni wa Rwimbogo, wilaya ya Rusizi, na nyumba yetu ni ya walokole. Kanisa la Kipentekoste lililokuja kuenea Rwanda nzima lilianzia katika wilaya yetu, Gihundwe, mwaka 1940, kwa kazi ya wamisionari wa Uswidi. Kwa hiyo kwetu sala si jambo la Jumapili peke yake. Nimekua nikisikia kwamba hadithi nazo ni mlango, na kwamba mlango ukifunguliwa huchagui nani aingie. Mtoto akianza kusimulia habari za mizimu usiku, mtu mzima mmoja atasema "Yesu!" kwa sauti, na hadithi itakufa hapohapo.

Katika madarasa ya fasihi hofu ya namna hii huchekwa kidogo. Mwanafunzi akisema kitabu fulani kinamsumbua kwa sababu kina uchawi, hujibiwa kwamba ile ni fantasia tu, ni mbinu ya kisanaa, ni jazanda. Neno "tu" silipendi. Anayelitumia hajauliza huyo msomaji ametoka wapi. Wamisionari Wakatoliki walipofungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, katika nchi hii hii ya Rusizi, waliwakuta watu wanaomtumikia Ryangombe kwa ibada ya kubandwa, wanaotoa sadaka kwa wafu na wanaokwenda kwa wapfumu kuulizia sababu za magonjwa. Uamsho ulipoanza Gahini katika miaka ya 1930, waliookoka walisimama hadharani kuungama mambo waliyokuwa wameyafanya kwa mikono yao. Mtu aliyeacha hirizi aliyokuwa akiivaa hakuacha jazanda. Mjukuu wake akisitasita mbele ya ukurasa wenye jini, ana kumbukumbu ya nyumbani inayomzuia, na mhakiki anayempuuza amepuuza sehemu ya usomaji wenyewe.

Basi nauheshimu wasiwasi huo. Ninachouliza ni kama unaelekezwa mahali pake.

Maandiko yanayotajwa mara nyingi katika jambo hili ni mawili. La kwanza ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, panapokatazwa kupiga ramli, kuloga na kuwaulizia wafu. La pili ni Matendo ya Mitume, sura ya 19, kule Efeso, ambako walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande elfu hamsini vya fedha. Nimelisoma hili la pili mara nyingi, na mambo mawili yananizuia kulitumia dhidi ya riwaya. Kwanza, wale watu walichoma vitabu vyao wenyewe. Hakuna aliyekwenda kukagua rafu ya jirani. Pili, vitabu vile vilikuwa vya kazi, vya kufuata hatua kwa hatua ili kitu kitokee. Adili na Nduguze hakina hatua hata moja ya kufuata. Ukikisoma mara mia huwezi kumgeuza mtu kuwa nyani, wala hutajua jini anaitwaje aje.

Hata hivyo hoja hiyo haikunitosha. Kitabu kinaweza kukosa maelekezo na bado kikamzoeza msomaji jambo fulani. Nilikirudia, safari hii kwa sauti, kwa sababu bibi yangu aliniuliza ninasoma nini.

Bibi hasomi Kiswahili, ila anakisikia vizuri. Kwetu Kongo iko ng'ambo ya mto, na soko la Bugarama linawakutanisha watu wa Rwanda, Kongo na Burundi, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kinywani mwa wauza samaki na wabadilisha fedha muda mrefu kabla hakijawa lugha rasmi nchini kwetu mwaka 2017. Lakini Kiswahili cha soko hakina majini. Nilipofika kwa Huria nilikwama. Jini nimwite nani kwa Kinyarwanda? Umuzimu? Huyo ni roho ya mtu aliyekufa, ana jina, ana ukoo, ana kinyongo na watu anaowafahamu. Dayimoni? Huyo ni adui wa Mungu, na habari imekwisha: hakuna kumsikiliza zaidi. Hata neno "mzimu" lenyewe, ambalo linafanana na letu kama pacha, kwa Waswahili linaweza pia kuwa mahali, pango au mti ambako watu hupeleka nadhiri, jambo ambalo umuzimu wetu hawezi kuwa.

Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa nchi ya Tanga mwaka 1909, na kwake jini ni kiumbe cha Mungu. Katika imani ya Kiislamu majini wameumbwa, wataulizwa matendo yao, na miongoni mwao wapo waaminio na wasioamini. Mkristo wa leo wa Rusizi anaposikia "jini" anasikia pepo mchafu, kwa sababu ndivyo neno linavyotumiwa katika maombezi. Kwa hiyo msomaji Mkristo na mwandishi wanatazama neno moja, na kila mmoja anaona kiumbe chake. Huu si upotovu wa mwandishi wala ujinga wa msomaji. Ni jambo ambalo mwalimu wa fasihi angeweza kulieleza kwa dakika tano, na sikuwahi kulisikia likielezwa. Nilimwambia bibi: "Ni kiumbe asiyeonekana, ana mfalme wake na sheria zake, na anaweza kuwa mwema." Akaguna. "Endelea," akasema, "tutamwona."

Na kweli tulimwona. Huria anaingia hadithini kama kiumbe aliyemo hatarini. Adili anamwokoa kutoka kwa adui anayemfukuza, bila kujua kwamba ni jini, na bila kutaka malipo. Baadaye Hasidi na Mwivu, ndugu zake ambao aliwalipia hasara zao na kusafiri nao katika biashara, wanamtupa baharini kwa wivu. Huria anarudisha fadhila: anamwokoa. Kisha anawahukumu ndugu wawili kwa kuwageuza manyani, na anamwamuru Adili awachape kila usiku. Akikosa, atachapwa yeye.

Kisa hiki kina asili ya zamani. Kinatokana na hadithi iliyomo katika Alfu Lela Ulela, ya liwali wa Basra na ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert alipokichukua mwaka 1952 aliwafanya manyani, akawapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao, na akaitia nchi yake ya Ughaibuni fikra za utawala bora alizokuwa akizipenda. Wahakiki wengi hushika hapo: Adili ni uadilifu, Hasidi ni husuda, Rai ni mfalme anayetaka rai za watu. Hayo yote ni kweli, na yamekwisha andikwa katika madaftari ya kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Mimi lililonisumbua niliporudia kusoma ni mjeledi.

Angalia jinsi unavyofanya kazi. Adili anajua kwamba anachokifanya ni ukatili, ndiyo maana analia. Lakini hakatai. Kila usiku anatii amri ya kiumbe aliyemzidi nguvu, na utii huo umekuwa ratiba kama sala. Mchana ni liwali mpole. Usiku ni mtesaji anayejuta. Hasidi na Mwivu wana hatia, hilo hakuna anayelibisha, lakini adhabu yao haina mwisho, na mateso yanayorudiwa kila usiku hayawafundishi kitu kwa sababu hawawezi hata kusema wametubu. Nyani anaweza kupiga kelele, kuungama hawezi. Kwa mtu aliyelelewa katika mapokeo ya uamsho, ambako kuungama kwa mdomo ndiko kunakomrudisha mtu katika jamii, hilo ni jambo zito kuliko pembe au mkia wa jini yeyote. Uchawi katika kitabu hiki umewanyang'anya wakosaji njia ya toba.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wasiwasi wangu wa kwanza ulikuwa umesimama hatua mbili kando ya mahali pake. Niliogopa kwamba kuna jini. Nilipaswa kuogopa kwamba mtu mwema amepokea kazi ya kuchapa na akaizoea.

Na hapo pia ndipo kitabu kinapomshinda msomaji mwenye haraka, kwa kuwa hakiachi mambo yaishie hapo. Mfalme Rai akisikia habari hashangilii haki ya jini. Anamkataza Adili kuwachapa ndugu zake, na anampa barua ya kumwombea kwa Huria. Huria akija usiku kwa hasira kwa sababu amri yake imevunjwa, anakabidhiwa barua ya binadamu. Anaipeleka kwa baba yake, mfalme wa majini, na ombi linakubaliwa. Ndugu wanarudishiwa umbo lao. Nguvu zisizoonekana zimesimamishwa kwa karatasi. Mtu mmoja aliona jambo ambalo si sawa, akaandika, na ulimwengu wa majini ukajibu. Sijui riwaya nyingine ya kiajabu ninayoweza kuiweka mbele ya mzee wa kanisa kwa ujasiri zaidi, ingawa najua kwamba mzee huyo ataishia kwenye neno "majini" kama nilivyoishia mimi.

Vitabu vingine vinakataliwa hata kabla ya hapo, kwa jina tu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, kwa jina lake kingeachwa mlangoni mwa nyumba nyingi za walokole. Anayekifungua anamkuta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, akichunguza kifo cha mtu aliyekutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu, na jibu analolipata linahusu binadamu na siri za ukoo wao. Ni kitabu kinachomtoa msomaji kwenye hofu ya mizimu na kumpeleka kwenye ushahidi. Mchungaji anayehubiri dhidi ya ushirikina angepata humo msaidizi asiyemtarajia.

Ng'ambo nako mambo ni hayohayo. C. S. Lewis, Mwanglikana, alichapisha hadithi yake ya simba na mchawi mwaka 1950, miaka miwili kabla ya Adili, na Wakristo wengi huwasomea watoto wao bila kuogopa yule mchawi wa barafu. Vitabu vya Harry Potter vya J. K. Rowling, vilivyoanza kutoka mwaka 1997, vilichomwa moto na kanisa moja la Alamogordo, New Mexico, Desemba 2001. Mchawi mmoja anaruhusiwa sebuleni, mwingine anatupwa jikoni motoni. Tofauti zipo, kwa kuwa kwa Lewis uchawi ni wa adui na kwa Rowling ni somo la shuleni. Lakini vitabu hivyo havijafika Rwimbogo kwa wingi wa kutusumbua, na sitaki kujikopea vita vya watu wengine wakati vyetu vipo.

Vyetu viko kwenye simu. Viko katika hadithi za mfululizo zinazosambazwa kutoka Tanzania, sehemu baada ya sehemu, zenye mke aliyetoka baharini, nyumba iliyojengwa kwa damu ya mtoto na mama mkwe anayeruka usiku kwa ungo. Viko katika filamu za Nigeria ambazo tumezitazama tangu utotoni, nyingine zikiwa zimetafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja anayeigiza wanaume na wanawake. Na viko, hili linaniuma kulisema, katika shuhuda zetu wenyewe. Kitabu cha Mnigeria Emmanuel Eni, kilichotoka mwaka 1987 kikieleza maisha yake katika utumishi wa giza na miji iliyo chini ya bahari, kimesomwa na Wakristo wa Afrika kwa hamu ambayo Shaaban Robert hakuipata. Baada yake zimekuja kanda, kisha video, za watu wanaosema walikuwa kuzimu wakarudi. Humo kuna vyeo vya mashetani, majina, mavazi, chakula, na hesabu za watu walioliwa. Adili na Nduguze, pamoja na majini wake wote, hakifikii hata robo ya hayo. Lakini ushuhuda unapita mlangoni bila kukaguliwa kwa sababu mwishoni mchungaji anashinda.

Sisemi kwamba kila ushuhuda ni uongo. Sina kipimo cha kupima aliyoyaona mtu mwingine. Ninazungumza kama mhakiki kuhusu jinsi masimulizi haya yanavyosukwa. Katika karibu yote, nguvu za giza zina sura ya mtu wa karibu: shangazi tajiri, mjane asiye na mtoto, bibi anayeishi peke yake, mtoto mkaidi wa mke wa kwanza. Msuko unahitaji mkosaji, na mkosaji anayepatikana kwa urahisi ni yule asiye na mtetezi. Huria wa Shaaban Robert hana sura ya jirani yeyote. Ukimaliza kumsoma huwezi kutoka nje ukamkuta anachota maji. Yule bibi wa kwenye filamu utamkuta.

Na watu wamemkuta. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyowaponza wengi wao ni macho mekundu, yaani macho ya mtu aliyepika kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Kinshasa, watoto wamefukuzwa majumbani wakiitwa wachawi, wengine baada ya kutajwa katika maombi. Kivu Kusini, ng'ambo ya mto wetu, mwaka 2021 wanawake walioshutumiwa uchawi waliuawa na makundi ya watu katika eneo la Kalehe. Sidai kwamba filamu fulani iliua mtu fulani. Nadai kwamba muuaji alikuwa na hadithi kichwani kabla hajaokota jiwe, na kwamba hadithi hiyo haikutoka Ughaibuni.

Kwetu Rwimbogo sijaona mtu akipigwa mawe. Kwetu kuna jambo la kimyakimya zaidi. Rwanda mwenyeji akikupa kinywaji huonja kwanza mwenyewe, tunaita gusogongera, ili ujue hakina sumu. Ni adabu nzuri, na wengi huifanya bila kufikiri. Lakini ndani ya adabu hiyo kuna hofu ya uburozi, na hofu hiyo huwa na anwani. Katika mlima wetu kulikuwa na mama mmoja mzee ambaye watu hawakunywa chochote kutoka mkononi mwake hata baada ya yeye kuonja. Arusini alikaribishwa, akapewa kiti, lakini hakuitwa jikoni kusaidia. Watoto tulikuwa tunazunguka njia ya chini ili tusipite mbele ya nyumba yake. Hakuna aliyemshtaki popote, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kujitetea. Nikiwa na miaka tisa au kumi niliwasimulia wenzangu kisa chake kwa mtindo wa filamu niliyokuwa nimeiona, nikamwongezea nyoka chini ya kitanda na chungu kinachochemka bila moto. Wenzangu walikipenda sana. Kilirudi kwangu wiki kadhaa baadaye kutoka kwa mtoto wa kijiji kingine, nyoka sasa wakiwa wawili.

Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza ya kiajabu niliyoitunga, na hakuna aliyeniambia kwamba nimefungua mlango. Wakubwa waliposikia walitikisa kichwa kwa huzuni, kama watu waliopata uthibitisho.

Ndiyo maana nikisikia leo kwamba Mkristo asisome riwaya zenye uchawi, nauliza kwanza: katika riwaya hiyo, msomaji anafundishwa kumwogopa nani? Kipimo hiki kina kasoro, najua. Kitabu kinaweza kukosa kumnyooshea kidole jirani yeyote na bado kikamtia mtu hamu ya nguvu asizopaswa kuzitamani. Hadithi za mfululizo ambamo mganga ndiye mkombozi na pesa zinakuja kwa kafara ni za namna hiyo, na kwa hizo wazee wangu wana haki, siwapingi. Na hata kwa Adili bado kuna kitu ambacho hakinikai vizuri. Mwishoni ndugu wanasamehewa, lakini Huria hahojiwi na mtu. Aliyeamuru mateso anabaki rafiki wa familia. Mwandishi anaonekana kuridhika na hilo, mimi siridhiki.

Lakini Biblia nayo ina simulizi la namna hii, na halikutolewa. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 28, Mfalme Sauli, ambaye mwenyewe aliwaondoa wapiga ramli katika nchi, anajibadilisha mavazi na kwenda usiku Endori kwa mwanamke anayewaita wafu. Mwanamke anaogopa mtego. Anachokifanya ni chukizo, na simulizi halikifichi. Lakini baada ya Samweli kusema yake na Sauli kuanguka chini kwa hofu na njaa, mwanamke huyohuyo anamsihi ale. Anachinja ndama aliyenona, anakanda unga, anaoka mikate, anamwandalia mfalme aliyehukumiwa chakula chake cha mwisho, na mfalme anakula. Mwandishi angeweza kuishia kwenye ubaya wake. Aliona heri atuonyeshe pia mikono yake ikiwa na unga. Katika shuhuda zote nilizozisikia sijakutana na mchawi aliyeruhusiwa kumlisha mtu bila chakula kuwa mtego.

Nilimsomea bibi kitabu chote kwa jioni kama tisa hivi, nikitafsiri njiani, na neno jini tukaliacha lilivyo. Alinisimamisha mara nyingi. Hakumpenda Huria mpaka mwisho. Alisema anayetoa adhabu bila kuhesabu siku hajui anachokifanya, awe mtu au asiwe mtu. Barua ya Rai ilimfurahisha hata akaniomba niirudie. Tulipofika mahali ambapo ndugu wawili wamerudi kuwa watu, na uadui umeisha, nilidhani atasema "Amina," kama anavyosema kwa habari zote zinazoishia vizuri. Alinyamaza kidogo.

"Walipoketi kula pamoja," akauliza, "nani alionja kwanza?"

Nilirudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta. Haikuandikwa.